Zaidi ya miaka 10 bila Kanali Mamadou Ndala

Tarehe 2 Januari 2024 ilitimia miaka 10 tangu Kanali Mamadou Moustafa Ndala auawe. Wengi kwenye ukurasa huu mulikuwa bado shule ya msingi ile wakati, njo maana ninaandika.

Mimi ni mtoto wa Mugunga. Novemba 2012 nilikuwa na miaka 12. Tarehe 20, M23 iliingia Goma, na jeshi letu likapita kwetu likikimbia kuelekea Sake. Siku zilizofuata, kule Minova, maaskari waliotoka Goma wakabaka wanawake wengi. Tangu hapo, mama akimuona askari barabarani, alikuwa anatuita ndani na kufunga mlango.

Julai 2013 tukaanza kusikia jina la Mamadou. Alizaliwa 1978, kule Ibambi, mbali na Kivu, na alikuwa anaongoza batayo ya 42 ya makomando kaskazini ya Goma. Watu walisema: huyu anasimama mbele na watu wake. Akiingia mjini, wamotari na wamama wa soko wanamzunguka, na yeye anawasalimia. Basi watu wakaanza kubeba maji na chakula kupelekea maaskari upande wa Munigi. Kinshasa ilipotaka kumwita arudi, Goma iliandamana.

Mwisho wa Agosti, pamoja na brigedi ya MONUSCO ya Watanzania, Waafrika Kusini na Wamalawi, M23 ilisukumwa kutoka Kibati. Oktoba ikafuata Rutshuru. Tarehe 5 Novemba vilima vya Chanzu na Runyonyi vilikombolewa. Ile siku mama alifungua mlango, akaimba pamoja na majirani.

Kisha Mamadou akatumwa Beni. Tarehe 2 Januari 2014, kule Ngadi, gari lake lilishambuliwa, akafa akiwa na miaka 35. Kwanza walisema ni ADF. Novemba ile ile mwaka, mahakama ya kijeshi ikamuhukumu kifo luteni-kanali wa jeshi letu wenyewe. Mamadou alipandishwa cheo kuwa jenerali akiwa tayari kaburini. Mjane wake alibaki na kile cheo, pamoja na maswali.

Tukisema mutu ni mukarimu, tunafikiri franga. Mamadou hakumupatia mama yangu hata mia moja. Lakini kwa miezi michache, mama hakuogopa tena askari. Kwetu hicho ni kitu kikubwa.

Mwanzo wa 2024 Mugunga ilikuwa imejaa tena mahema ya waliokimbia M23. Wale watoto wa kambini hawakumujua Mamadou. Na kwenye avenue zetu kuna mapapa waliovaa ile uniforme, sasa wamezeeka, wanalea wajukuu, hakuna anayewauliza kitu. Wewe uliyesoma, nenda ukae naye, umuulize, uandike. Na ukiwa na kilo ya unga, usiende mikono mitupu.