Mwadingusha na Mlipaji Mmoja: Matarajio ya Uwekezaji katika Umeme wa Maji wa Katanga

Mjadala wa dunia kuhusu mashirika ya umeme kwa kawaida huanzia kwenye moshi: shirika linalochoma makaa ya mawe litahamia vipi kwenye nishati jadidifu, na nani atagharimia mabadiliko hayo. Kwa SNEL, shirika la umeme la serikali ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, swali hilo halina pa kushika. Karibu umeme wake wote unatokana na maji, na hali imekuwa hivyo tangu lilipoundwa mwaka 1970. Hata hivyo, ni takribani Mkongomani mmoja kati ya watano tu anayepata umeme, katika nchi ambayo mito yake inakadiriwa kuweza kutoa megawati 100,000. Usafi wa nishati haujalinusuru shirika hili na ufukara wa hazina, na mwekezaji anayepima mustakabali wake kwa kuhesabu megawati peke yake atapotea njia. Kinachofaa kuulizwa ni nani anayelipa ankara, analipa kwa muda gani, na siku akiondoka nini kitabaki.

Mahali pa kuulizia hayo ni Mwadingusha, kwenye maporomoko ya mto Lufira, mashariki ya Likasi. Kituo hiki kilianza kazi mwaka 1930 kwa jina la Francqui, na maporomoko yenyewe yaliitwa Cornet, kwa heshima ya mwanajiolojia wa Kibelgiji aliyepita Katanga mwishoni mwa karne ya 19. Mwenye mradi hakuwa dola wala halmashauri ya mji. Kampuni ya Sogefor iliundwa ili kuihudumia Union Minière du Haut-Katanga, ambayo ilikuwa na kiwanda kipya cha Shituru, pale Likasi (Jadotville ya enzi za ukoloni). Shituru ilikuwa ikiyeyusha madini kwa asidi, kisha ikiitoa shaba katika asidi hiyo kwa mkondo wa umeme. Bila mkondo mkubwa usiokatika, kiwanda kisingezaa kitu. Bwawa likajengwa, maji yakatanda juu ya tambarare na kuwa ziwa Tshangalele, na turbini sita zenye jumla ya megawati 71 hivi zikafungwa. Baadaye vikafuata Koni kwenye mto huohuo, kisha Nzilo na Nseke kwenye Lualaba katika miaka ya 1950. Nyaya zilikwenda moja kwa moja kwenye mitambo ya shaba. Vijiji vilivyohamishwa au kupakana na ziwa vilibaki gizani, na vingi viko gizani hadi leo. Hilo nalitaja mapema kwa sababu ramani ya nyaya iliyochorwa wakati huo ndiyo inayoongoza hesabu za leo.

Union Minière ilitaifishwa, Gécamines ikachukua migodi, na katika miaka ya 1970 SNEL ikarithi vituo vya umeme. Kwa muda mpango ulifanya kazi, maana mteja mkuu alikuwa na afya. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Kisha mgodi wa Kamoto ukaporomoka mwaka 1990, vurugu za kisiasa zikafuata, na kufikia 1993 uzalishaji ulikuwa chini ya tani 50,000. Mteja mmoja alipoanguka, mapato ya umeme wa Katanga yalianguka naye. Njia ndefu ya msongo wa juu kutoka mabwawa ya Inga, kwenye mto Kongo, hadi Kolwezi, kilomita 1,700, iliyokamilika mwaka 1982 kwa fedha za mkopo, sasa ikawa inahudumia viwanda visivyo na shaba ya kutosha ya kusafisha. Matengenezo ya turbini za Mwadingusha yaliahirishwa mwaka hadi mwaka. Sababu zilikuwa nyingi, ufisadi na mfumuko wa bei zikiwemo, lakini kiini cha udhaifu kilikuwa mapato yaliyosimama juu ya mguu mmoja.

Ndipo tunapofika kwenye mkataba unaosifiwa sana leo. Mwaka 2014 Ivanhoe Mines ya Kanada, iliyokuwa ikiendeleza mgodi ambao leo unaitwa Kamoa-Kakula, magharibi ya Kolwezi, ilitia saini na SNEL makubaliano ya kukarabati Mwadingusha, Koni na Nzilo 1, vituo ambavyo kwa pamoja vingeweza kutoa takribani megawati 200. Mgodi unatoa fedha kama mkopo. SNEL inaulipa mkopo huo kwa kukatwa asilimia 40 ya ankara ya umeme ya kila mwezi ya mgodi, kwa riba iliyokubaliwa kuwa Libor (kiwango rejea cha riba cha benki za London) ya miezi sita pamoja na asilimia 3, kwa muda uliokadiriwa kuwa kati ya miaka 10 na 15. Mwaka 2021, mwaka uleule ambao Kamoa-Kakula ilianza kutoa shaba, Mwadingusha ilirudi kwenye gridi ya taifa na turbini zake zote sita, uwezo wake ukiwa megawati 78. Mwaka huohuo yakafuata makubaliano ya kukarabati turbini nambari 5 ya Inga II kwa utaratibu unaofanana.

Lazima mkataba huu upewe haki yake. Kituo kilichokuwa kikielekea kufa kimefufuka. Hakuna benki ya biashara ambayo ingeikopesha SNEL kwa dhamana ya mizania yake yenyewe, na Hazina ya taifa haikuwa na fedha. Mgodi haukuhitaji kuiamini SNEL, kwa kuwa dhamana ilikuwa mkononi mwake: ankara yake yenyewe. Kama ubunifu wa kifedha, ni kazi nzuri.

Lakini tuutazame kutoka upande wa SNEL. Ankara ya mgodi ndiyo mapato bora kuliko yote: inalipwa kwa dola, kwa wakati, na mlipaji mmoja asiyehitaji maelfu ya wasoma mita. Asilimia 40 ya mapato hayo imeshatengwa kabla haijaingia kwenye akaunti. Kinachobaki ndicho kinacholipa mishahara, mafuta ya transfoma, nguzo zilizooza, na vitongoji vya Likasi na Lubumbashi ambako wateja wanalipa kwa faranga za Kongo, tena kwa kiwango maalumu cha mwezi kwa sababu nyumba nyingi hazina mita. Deni liko kwa dola na riba yake inapanda na kushuka na soko la dunia. Mwaka 2023, kabla ya Libor ya dola kukoma, kiwango cha miezi sita kilipita asilimia 5, na juu yake zikaongezwa zile 3. Shirika ambalo wateja wake wengi wanalipa kwa faranga linabeba hatari ambayo halikuiumba na haliwezi kuizuia.

Kuna hatari kubwa zaidi, nayo ndiyo hoja yangu hasa: mlipaji huyu anaweza kuondoka, na dalili zipo. Mei 2025 mitetemo ya ardhi ilisimamisha uchimbaji chini ya ardhi katika sehemu ya Kakula, maji yakajaa, na kampuni ikaondoa makadirio yake ya uzalishaji wa mwaka. Mgodi haukufa. Ila kwa majuma kadhaa kila mtu aliona jinsi mpango mzima wa ulipaji ulivyofungwa kwenye miamba ya mahali pamoja. Njia ya pili ya kuondoka ni ya kimyakimya. Umeme wa SNEL umekuwa ukiyumba, na mgodi umelazimika kuagiza umeme kutoka nje na kununua jenereta nyingi za dizeli. Sasa umegeukia jua. Kampuni ya CrossBoundary Energy, yenye mizizi yake Nairobi, imetia saini mkataba wa kuupa mgodi megawati 30 za uhakika, mchana na usiku, kwa paneli za megawati 222 na betri za megawati-saa 526. Sheria ya umeme ya Juni 2014 iliyovunja ukiritimba wa SNEL inaruhusu jambo hilo kikamilifu, na kwa mazingira ni habari njema. Kwa SNEL maana yake ni kwamba mteja wake bora ameanza kujitegemea kidogokidogo, na kila megawati anayojipatia mwenyewe inapunguza ile ankara ambayo ndani yake deni linakatwa.

Kwa hiyo nishati jadidifu, ambayo kwingineko inahesabiwa kuwa mustakabali wa shirika la umeme, hapa inaweza kuwa mlango wa kulipotezea mapato. Haitakuwa hivyo lazima. Tazama tena takwimu hizo: ili kupata megawati 30 za mfululizo, zinahitajika paneli za zaidi ya mara saba ya kiasi hicho na betri kubwa sana, kwa sababu jua huzama na masika ya Katanga huleta mawingu. SNEL inayo betri ya aina nyingine tayari. Tshangalele ni ghala la maji. Paneli zikifungwa karibu na Mwadingusha, kwenye gridi ileile, turbini zinaweza kupunguzwa mchana jua likiwaka, maji yakatulia ziwani, kisha yakaachiliwa jioni wakati Likasi inapopika na kuwasha taa. Faida hiyo haipatikani majira yote. Maji yakiwa mengi, turbini hufanya kazi kwa nguvu zote usiku na mchana, na hakuna nafasi ya kuongeza usiku. Faida ipo kiangazi na miaka ya ukame, pale kinachopungua ni maji wala si mashine. Isitoshe Koni iko chini ya mto na hutumia maji yaleyale, kwa hiyo lita moja iliyohifadhiwa Tshangalele inaweza kuzaa umeme mara mbili. Hapo ndipo ningemshauri mwekezaji wa jua aelekeze macho, badala ya kujifungia ndani ya uzio wa mgodi.

Na ukame si nadharia. Mwaka 2024 Zambia, ambayo migodi ya Katanga hununua umeme kwake au kuupitishia huko, ilitangaza janga la kitaifa baada ya mvua kukosekana. Maji ya ziwa Kariba yakashuka vibaya na miji ikakaa gizani kwa sehemu kubwa ya siku. Chanzo cha Lufira hakiko mbali na mpaka wa nchi hiyo. Anayeuza umeme wa maji pekee anauza mvua.

Ziwa lenyewe nalo ni mtaji unaoliwa pole pole. Kina chake ni kifupi kiasi kwamba kila tabaka la mashapo linahesabika. Mto Panda unapita Likasi, unabeba mabaki ya viwanda vya Shituru, unaingia Lufira na kuyamwaga Tshangalele. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamekuta shaba, kobalti na metali nyingine katika mashapo na katika samaki ambao familia za Kapolowe, kando ya ziwa, huwavua na kuwauza. Misitu ya miombo inayokatwa kwa ajili ya mkaa (na mkaa unatafutwa kwa kuwa umeme haupo majumbani) inaacha udongo ukisombwa na mvua. Bonde hilo lilitambuliwa na UNESCO mwaka 1982 kuwa hifadhi ya biosfia ya Lufira, lakini katika hesabu za mkopo sioni mahali ambapo ziwa limewekewa thamani. Mkopo ulinunua turbini, jenereta na vifaa vya kuongozea mitambo. Maji yalichukuliwa kuwa ya bure.

Watetezi wa mtindo uliopo husema kwamba hakuna njia nyingine, kwa kuwa wananchi hawalipi. Dai hilo linapingwa na ushahidi uliopo nchini humohumo, mashariki ya Kongo. Hifadhi ya Taifa ya Virunga ilifungua kituo cha Matebe mwaka 2015, megawati 13 na ushee, ikapeleka umeme Rutshuru na kisha Goma kwa mita za kulipia kabla. Kampuni ya Nuru nayo iliwasha mtambo wa jua wa megawati 1.3 mjini Goma mwaka 2020, wateja wakilipa kabla ya kutumia. Watu hao walilipa katikati ya vita na uhamisho, kwa bei ya juu kuliko ya SNEL, kwa sababu walipata walichokilipia. Mteja wa Likasi anayekatiwa umeme siku tatu kwa juma huku akidaiwa kiwango kilekile cha mwezi ana sababu ya kugoma kulipa.

Kenya inafundisha upande mwingine. Mitambo ya upepo ya ziwa Turkana, megawati 310, ilikuwa tayari mwaka 2017 lakini njia ya kutoka Loiyangalani hadi Suswa ilichelewa hadi 2018, na serikali ikalazimika kulipa fidia kwa umeme ambao haukufika kwa mtu. Fedha ziliingia kwenye uzalishaji na usafirishaji ukasahauliwa. Katanga imefanya jambo la jamii hiyo: mitambo imefufuliwa na nyaya za mitaani zimeachwa kama zilivyo.

Mkataba ujao, iwe ni wa Nzilo, wa Nseke au wa mitambo ya jua, ungepaswa kuandikwa tofauti. Makato ya ankara yawe na kikomo kinachoshuka pale mgodi unapopunguza ununuzi wake kwa hiari yake, ili SNEL isiadhibiwe kwa uamuzi wa mteja. Sehemu ya mkopo, hata kama ni ndogo, iende kwenye mita za malipo ya kabla na transfoma za Likasi na Kapolowe, kwa kuwa huko ndiko wanakotoka walipaji watakaobaki shaba ikiisha. Akaunti ya matengenezo ifungwe isiweze kuchotwa kwa kazi nyingine. Na gharama ya kuzuia tope la Panda kabla halijafika ziwani iingizwe kwenye bei ya kilowati-saa, ikilipwa na viwanda vinavyolitoa pamoja na migodi inayokunywa umeme wa ziwa hilo. Mkopeshaji anayeona masharti haya kuwa mzigo na alinganishe muda: mkopo wake ni wa miaka 10 hadi 15, mgodi ni wa miongo michache, na kituo cha Mwadingusha tayari kimepita miaka 90. Kati ya hivyo vitatu, kituo ndicho kitakachohitaji wateja kwa muda mrefu zaidi, na wateja hao sasa wanapikia mkaa.