Kosa la Mwajiri, Mzigo wa Mgeni: Wafanyakazi wa Kikenya Kampala na Lugha ya Sheria za Ajira

Jirani na Kyambogo, katika mitaa ya Nakawa na Naguru, serikali ya kikoloni ilijenga nyumba za kupangisha wafanyakazi Waafrika wa Kampala. Mwanaanthropolojia David Parkin, aliyefanya utafiti wake hapo mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kuuchapisha mwaka 1969, aliwakuta Waluo na Waluhya kutoka Kenya wakiwa wengi miongoni mwa wapangaji. Uhuru wa Uganda wa tarehe 9 Oktoba 1962 ulipatikana wakati wa utafiti huo, na Parkin aliona jinsi ujirani wa mtaani ulivyoanza kupimwa kwa kipimo kipya cha utaifa. Aliyekuwa jirani tu akawa sasa jirani kutoka nchi nyingine.

Ugeni huo ulikuwa na umri mdogo kuliko baadhi ya watu waliobebeshwa. Hadi mwaka 1902, eneo la Kisumu na sehemu kubwa ya nchi ya Waluo lilikuwa Jimbo la Mashariki la Himaya ya Uganda, kabla ya Waingereza kulihamishia upande wa Himaya ya Afrika Mashariki, yaani Kenya ya baadaye. Mzee aliyezaliwa Nyanza mwaka 1895 alizaliwa Uganda, akawa mtu wa Kenya pasipo kuhama hata hatua moja. Mjukuu wake aliyekwenda Kampala kutafuta kazi alirudi, kwa hesabu ya ramani ya zamani, katika nchi aliyozaliwa babu yake.

Katika enzi ya ukoloni, makosa ya jinai yanayohusu ajira yalimwelekea zaidi mfanyakazi. Nchini Kenya, Sheria ya Mabwana na Watumishi ya mwaka 1906 ilifanya kuacha kazi bila ruhusa kuwa kosa la kupelekwa mahakamani, na kipande, kilichoanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kilimwezesha askari kujua papo hapo ni nani aliyemtoroka bwana wake. Dola ilitaka mtu abaki kazini. Haikujali sana alitoka upande gani wa mpaka, mradi mikono ilipatikana na ujira ulikuwa mdogo.

Dola huru ziligeuza shabaha. Kenya ilitunga Sheria ya Uhamiaji mwaka 1967, mwaka uleule ambao Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulitiwa saini jijini Kampala. Uganda ikafuata na sheria yake ya uhamiaji mwaka 1969. Sasa kosa halikuwa tena kuondoka kazini. Lilikuwa kuwapo kazini bila kibali. Upepo huo haukuvuma Afrika Mashariki peke yake: Novemba 1969 serikali ya Ghana iliwapa wageni wasio na vibali wiki mbili tu kutimiza masharti au kuondoka.

Mwaka 1970 ikafika zamu ya Kampala. Serikali ya Milton Obote iliamua kwamba kazi zisizohitaji ujuzi maalumu ziwe za raia, na Wakenya, wengi wao Waluo, wakaondolewa. Makadirio yanayonukuliwa mara nyingi ni watu 30,000. Miongoni mwa jamii hiyo ya Wakenya walikuwamo viongozi mashuhuri wa vyama vya wafanyakazi, kwa hiyo ni vigumu kuamini kwamba suala lilikuwa ajira peke yake. Miezi michache baadaye, tarehe 25 Januari 1971, Obote mwenyewe alipinduliwa. Na mwaka 1972 Idi Amin akawafukuza Waasia, waliokuwa wamiliki wa sehemu kubwa ya biashara na viwanda vya nchi. Kufukuzwa kwa Waasia kumeandikiwa vitabu vingi. Waluo wa Nakawa wameachiwa aya moja moja, pengine tanbihi.

Kinachosalia katika historia ya tukio la 1970 ni safari za wafanyakazi waliorudi Kenya, wala si kesi za waajiri. Hili linastahili kuangaliwa, kwa kuwa sheria za aina hii humtambua mwajiri pia kuwa mkosaji. Mfano wa leo ni Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya Kenya ya mwaka 2011, ambayo inamhesabia kosa anayemwajiri mgeni asiye na kibali, na adhabu ya jumla ya makosa yake ni faini isiyozidi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Faini hulipika. Mwenye kiwanda huilipa, kisha hufungua lango siku inayofuata. Mfanyakazi yeye hupoteza ujira, chumba alichopanga na shule ya watoto, na hakuna hukumu inayoyahesabu hayo kuwa adhabu.

Lugha nayo imeshika upande. Magazeti ya Kiswahili yameizoea mno istilahi "wahamiaji haramu". "Mwajiri haramu" haisikiki, ingawa kisarufi hakuna kinachoizuia. Uharamu umebandikwa kwenye mwili wa anayetafuta kazi, huku anayenufaika na jasho lake akibaki mwajiri tu. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2015 inajulikana kwa Kiswahili kuwa Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni, na neno hilo "mgeni" limebeba mengi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa desturi, kumpa mgeni jembe ni kumtoa katika ugeni na kumwingiza katika jamii. Kwa sheria, kumpa jembe hilo bila kibali ni jinai. Na "kibali" chenyewe ni neno la ukoo mmoja na "kukubali": katika matumizi ya kale, aliyepata kibali alikuwa mtu aliyependeza machoni pa mwingine. Leo ni karatasi yenye tarehe ya mwisho.

Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, inaahidi katika Ibara ya 10 uhuru wa wafanyakazi kwenda nchi wanachama nyingine, ila kwa aina za kazi ambazo kila nchi ilikubali kuzifungulia mlango. Kenya, Rwanda na Uganda zimefuta ada za vibali kwa raia wa jumuiya. Kibali chenyewe hakikufutwa, wala adhabu ya kukosa kibali.

Tangu mwaka 2005 Katiba ya Uganda inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, lakini sheria za nchi bado husomwa kwa Kiingereza. Zitakapotafsiriwa, mfasiri, ambaye huenda akawa mhitimu wa Kyambogo, atalazimika kuamua kama mtu wa Kisumu anayefanya kazi Nakawa ataitwa mgeni, asiye raia, au Mwanajumuiya.