Kibanda cha simu na sikio la serikali

Ndugu msikilizaji, kabla ya simu za mkononi tulikuwa na kibanda cha simu. Uliingia, ukafunga mlango, ukatumbukiza sarafu, ukazungumza. Watu waliopanga foleni nje walikuona kupitia kioo, lakini maneno yako yalibaki yako. Juma hili nataka tuzungumze juu ya kibanda kimoja cha Los Angeles, Marekani, kwa sababu hapo ndipo mahakama ilipoliwekea mpaka sikio la serikali.

Tuanze nyuma kidogo. Katika miaka ya 1920 Marekani ilikuwa imepiga marufuku pombe. Mjini Seattle alikuwapo Roy Olmstead, luteni wa zamani wa polisi aliyefukuzwa kazi akawa bingwa wa magendo ya pombe. Makachero wa serikali kuu walitega nyaya za simu zake, wakasikiliza kwa miezi kadhaa. Nyumbani kwake hawakuingia, na hati ya hakimu hawakuwa nayo.

Sahihisho la Nne la Katiba ya Marekani, la mwaka 1791, linakataza kupekua watu, nyumba, karatasi na mali zao bila sababu ya haki. Mwaka 1928 majaji watano wa Mahakama ya Juu, dhidi ya wanne, walisema kwamba hakuna aliyeingia nyumbani kwa mtu, wala hakuna kitu kilichochukuliwa. Basi hapakuwa na upekuzi. Olmstead akaenda jela.

Jaji Louis Brandeis alipinga. Alisema haki kubwa ya raia mbele ya serikali yake ni kuachwa kwa amani, na kwamba serikali inayovunja sheria huwafundisha raia kuivunja. Alionya pia kuwa sayansi isingeishia kwenye nyaya: siku ingekuja ambapo serikali ingeweza kusoma karatasi za mtu bila kuzitoa kwenye saraka yake. Onyo hilo lilingoja karibu miaka 40.

Mwaka 1965 makachero wa FBI walimfuatilia Charles Katz, mcheza kamari aliyepeleka habari za kamari Miami na Boston kwa simu ya kibandani. Wakaweka chombo cha kunasa sauti juu ya kibanda, kwa nje. Mahakamani serikali ilileta hoja ileile ya zamani: hatukuingia ndani. Desemba 1967 majaji saba dhidi ya mmoja waliikataa. Katiba, walisema, inalinda watu, hailindi mahali tu. Aliyefunga mlango na kulipia simu yake anayo haki ya kuamini kwamba hatangaziwi dunia nzima.

Hapa naomba tutue kidogo. Mahakama haikusema serikali isisikilize kamwe. Ilikiri hata kwamba makachero wale walikuwa waangalifu, na kwamba hakimu angeweza kabisa kuwapa hati. Kosa lao ni kwamba hawakuiomba.

Pengine utasema: mfanya magendo na mcheza kamari, mimi wananihusu nini? Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Mwaka 1968 ofisi ya CIA huko Ann Arbor, Michigan, ililipuliwa, na vijana watatu wa mrengo wa kushoto wakashtakiwa kwa njama. Simu ya mmoja wao ilikuwa imenaswa kwa idhini ya Mwanasheria Mkuu peke yake. Serikali ya Rais Nixon ikasema: hili ni suala la usalama wa taifa, mahakama haihusiki. Jaji Damon Keith wa Detroit, Mmarekani Mweusi, mjukuu wa watumwa, alikataa. Juni 1972 Mahakama ya Juu ilimuunga mkono kwa kura nane bila kupingwa. Hukumu iliandikwa na Jaji Lewis Powell, aliyeteuliwa na Nixon mwenyewe. Usalama wa ndani, alieleza, ni neno pana mno, na serikali hushawishika kuwaita maadui wale wanaoipinga tu.

Hata hivyo mpaka huo una nyufa. Mambo ya majasusi wa nje hayakuguswa, na mwaka 1978 Bunge la Marekani liliunda mahakama maalumu inayoketi kwa siri. Mwaka 2013 Edward Snowden alifichua kwamba mahakama hiyo iliidhinisha kukusanywa kwa kumbukumbu za simu za mamilioni ya raia wasioshukiwa lolote. Hakimu asiyesikia upande wa pili huweza kugeuka mhuri.

Kibanda sasa kimehamia mfukoni, nacho kinajua hata njia tunazopita. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba kumbukumbu za mienendo ya simu ya mtu kwa siku nyingi nazo zinahitaji hati.

Kwetu, Ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania na ya 31 ya Kenya zinalinda mawasiliano ya mtu. Maneno ni mazuri. Lakini hata Wamarekani walikuwa na maneno mazuri tangu 1791, na hayakumfaa Olmstead. Kwa hiyo tukisikia kwamba simu ya mtu imesikilizwa, awe mwema au mwovu, tusikimbilie kuuliza alisema nini. Tuulize kwanza: hakimu gani aliombwa hati?

Hadi juma lijalo.