Shule ya waganga iliyokimbilia Beni

Tarehe 5 Septemba inapokaribia, vijana wanaosomea udaktari Beni na Butembo, hasa wanaotaka kuwa madaktari wa familia, waambiwe somo lao la afya ya jamii lilipita wapi hadi kuwafikia.

Lilianzia Oicha, kaskazini mwa mji wa Beni. Huko, katika miaka ya 1930, Carl Becker, daktari Mmarekani wa misheni ya Africa Inland Mission (AIM), alijenga hospitali pembezoni mwa msitu. William Petersen, aliyeandika maisha yake, anasifu upasuaji wake na kambi yake ya wakoma. Mimi namsifu zaidi kwa kuwafundisha vijana wa hapo hapo kazi ya uganga, maana daktari mmoja angeufikiaje msitu mzima?

Baada ya uasi wa Simba wa 1964, misheni tano ziliungana kuendesha hospitali na shule ya uuguzi Nyankunde, Ituri. Daktari Mwingereza Helen Roseveare alifundisha hapo hadi 1973. Nchi ya Kongo ikagawanywa katika zoni za afya, na mwaka 1992 Pat Nickson akaanzisha Nyankunde chuo cha afya ya jamii, IPASC.

Kisha ikaja Alhamisi ile ya tarehe 5 Septemba 2002. Wapiganaji wa kabila la Wangiti waliingia Nyankunde pamoja na askari wa APC, jeshi la RCD-ML, chama kilichokuwa na makao yake hapa hapa Beni. Ripoti ya Human Rights Watch ya Julai 2003 inasema mauaji yaliendelea siku kumi na waliokufa hawapungui 1,200. Wahema na Wabira walisakwa nyumba kwa nyumba, kisha wodi kwa wodi. Wagonjwa waliuawa vitandani. Hospitali ikaporwa. Wauguzi, wanafunzi na wagonjwa walionusurika wakashika njia ya msituni kwa miguu, zaidi ya kilomita 100, hadi Oicha, kule kule alikoanzia Becker. Shule ya uuguzi ikafunguliwa upya Beni, IPASC ikahamia Aru. Januari ya mwaka huo huo, lava ya Nyiragongo ilikuwa imeteketeza kituo cha tiba cha Jo na Lyn Lusi mjini Goma, ambacho baadaye kilikuja kuwa HEAL Africa na kufundisha tiba ya familia.

Butembo ilikuwa na njia yake: Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, cha mwaka 1989, enzi za Askofu Emmanuel Kataliko. Katika kliniki za chuo hicho ndiko Dkt. Richard Mouzoko wa Kameruni, aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani kupambana na mlipuko wa Ebola, alikouawa kwa risasi tarehe 19 Aprili 2019. Ebola ile iliua watu 2,287 kabla ya kutangazwa imekwisha mwezi Juni 2020.

Wageni walishangaa kuona watu wakiwakimbia waganga wa Ebola. Lakini Desemba 2018 tume ya uchaguzi, CENI, ilikuwa imewaondoa wapiga kura wa Beni na Butembo katika uchaguzi wa rais, ikitaja ugonjwa huo huo, na kesho yake kituo cha Ebola cha Beni kikavamiwa. Daktari aliyezoea kukaa na wahudumu wa jamii na kamati za afya angeiona hasira hiyo ikija. Kwa hiyo wizara isiache miezi ya mwanafunzi kijijini iwe nyongeza ya ratiba. Iigharimie kama inavyogharimia chumba cha upasuaji, na impe mwalimu wa kumsimamia huko huko Mangina, Katwa au Oicha.