Mita ya Honda ya Babu Imerudi Sifuri Mara Mbili

Najua nimepotea kidogo. Nilikuwa nyumbani Korogwe kwa shughuli ya kifamilia iliyoanza kama ubishi mdogo kuhusu chuma chakavu ikaishia kwenye historia. Nimeona niiandike kabla sijasahau.

Ubishi wenyewe ni huu. Nyuma ya nyumba ya babu yangu pale Manundu kuna pikipiki, Honda CG125, imefunikwa turubai tangu 2019 babu alipoacha kuendesha kwa sababu ya macho. Mjomba anataka kuiuza kwa wale jamaa wanaopita na mizani wakinunua chuma chakavu. Babu hataki. Mimi nikaitwa niamue, eti kwa kuwa ni mwandishi wa habari! Nikasema sawa, ila kwanza nipeni ushahidi.

Babu akaingia ndani, akatoka na madaftari matatu yaliyofungwa kwa kamba ya katani. Humo ameandika kila alipomwaga oili, kila tairi, kila cheni, na kilomita zilizosomeka siku hiyo. Mita ya Honda ile ina tarakimu tano tu za kilomita. Ikifika 99,999 inarudi sifuri. Kwa mujibu wa madaftari imerudi sifuri mara mbili, na leo inasomeka 14,306. Maana yake imetembea kilomita zisizopungua 214,306. Mzunguko wa dunia kwenye ikweta ni kilomita 40,075. Jamani, pikipiki ya mzee wa Manundu imeizunguka dunia zaidi ya mara tano bila kuvuka mpaka wa nchi!

Imezimaliza wapi kilomita zote hizo? Karibu zote kwenye njia moja: Korogwe kwenda Handeni, kilomita kama 65, na kurudi. Ndugu msomaji, hapa inabidi turudi nyuma kidogo.

Korogwe ilipata reli mapema. Wajerumani walianza kuijenga kutoka Tanga mwaka 1893, ikafika Korogwe 1902, ikaendelea hadi Mombo na mwisho Moshi. Mashamba ya mkonge yakaota kando yake. Handeni ikabaki pembeni, kusini, kwenye nchi kavu ya Wazigua yenye mbung'o wengi. Vita Kuu ya Kwanza ilipopamba moto, jeshi la Wajerumani chini ya Lettow-Vorbeck lililazimika kutandika reli nyembamba kutoka Mombo hadi Handeni, kwa vyuma vilivyong'olewa mashambani, ili kusogeza mizigo kwa trolii. Juni 1916 majeshi ya Jenerali Smuts yakaziteka Korogwe na Handeni ndani ya mwezi huo huo mmoja. Katika kampeni ile farasi na nyumbu walikufa kwa maelfu kwa ugonjwa wa mbung'o, na miongoni mwa vikosi vya Smuts kulikuwa na kikosi cha waendesha pikipiki kutoka Afrika Kusini. Pikipiki haiumwi na mbung'o. Lakini vita vilipopita reli ile ya trolii haikudumu, na mtu wa Handeni akarudi kwenye miguu yake, na baadaye baiskeli na lori.

Tuje kwenye enzi za babu. Mwaka 1972 serikali ilileta madaraka mikoani, na mwaka huo huo Mkoa wa Tanga ukaanza mradi mkubwa wa maendeleo vijijini kwa msaada wa Wajerumani, ule uliojulikana kama TIRDEP. Wataalamu walitakiwa kutoka ofisini kwenda vijijini. Babu alikuwa bwana shamba Handeni, familia ikiwa Korogwe. Ofisi yao ilipata pikipiki. Anasema siku zilipofika watu walizishangaa kama harusi.

Kisha mambo yakaharibika. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977, vita ya Kagera ikaanza 1978, bei ya mafuta ikapanda tena 1979. Mwalimu akatuambia tufunge mikanda miezi 18, na wanaokumbuka wanasema ile miezi 18 haikuisha. Fedha za kigeni hazikuwepo, kwa hiyo spea hazikuwepo. Pikipiki moja ikikosa plagi, plagi inachukuliwa kwenye nyingine. Ya pili ikikosa kabureta, inachukuliwa kwenye ya tatu. Mwisho zote zikawa zimelala chini ya mwembe nyuma ya ofisi, kuku wanatagia.

Mwaka 1986 ofisi ile ikapiga mnada, na babu akanunua mmojawapo wa mizoga ile. Tairi zimeoza, kabureta haina, mita inasomeka 11,208. Someni tena hiyo namba. Kilomita elfu kumi na moja! Kwa pikipiki hiyo ni ujana kabisa.

Kilichomwezesha kuifufua ni kitu kilichoamuliwa mbali na Handeni. Mwaka 1984 serikali iliruhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa bila kuulizwa wamezipata wapi. Maduka yakaanza kujaa tena. Mstari wa kwanza wa daftari la kwanza, Agosti 1986, unasema: "Kabureta imepatikana Tanga." Mstari wa pili: "Imewaka."

Nilimuuliza, "Babu, sasa kwa nini ile ya serikali ilikufa na elfu kumi na moja, na hiyo hiyo kwako ikaenda laki mbili?"

Akasema, "Mjukuu wangu, haikufa kwa kutembea. Ilikufa kwa kukosa mwenyewe."

Wadau, sikutaka kuridhika na methali. Nikaenda kwa fundi wa pikipiki, tukaivua turubai, akanifundisha mashine yenyewe. Honda walianza kuitoa CG125 katikati ya miaka ya 1970 kwa ajili ya nchi kama zetu. Waliona kwamba pikipiki zao nyingine ndogo zilikuwa zinachakaa haraka mikononi mwa watu wanaobeba mizigo mizito, wanaochelewa kumwaga oili na wasiogusa filta ya hewa. Basi wakaunda injini isiyo na taimingi cheni ndefu. Kemshafti imekaa chini, na valvu za juu zinasukumwa kwa fito mbili za chuma. Haina mbwembwe, haikimbii sana, na fundi wa kijijini anaweza kuifungua kwa spana chache. Baadaye viwanda vya China viliiga injini hiyo, na ukiangalia pikipiki nyingi za Kichina zilizomwagika Tanzania miaka ya 2000, tumboni mle ni mjukuu wa CG125.

Ila usidhani kwamba ni injini isiyokufa. Inabeba oili takriban lita moja tu, na lita hiyo hiyo moja inalainisha pistoni, gia na klachi. Haina filta ya oili ya kubadilisha kama ya gari. Ina wavu tu, na chombo kinachozunguka kutupa uchafu pembeni. Sasa kabla ya barabara ya Korogwe hadi Handeni kuwekwa lami miaka ya 2010, kiangazi vumbi jekundu lilikuwa linaingia hadi kwenye kope. Filta ya hewa ikichanika, vumbi linaingia kwenye silinda, linachanganyika na oili, linakuwa msasa. Ringi zinaisha, moshi wa bluu unaanza, nguvu inapotea kwenye mlima.

Ndiyo maana daftari la babu limejaa vitu visivyo na utukufu wowote. Oili kila kilomita 1,000. Filta ya hewa kukung'utwa kila Jumamosi. Valvu kupimwa. Cheni kuoshwa kwa mafuta ya taa. Pistoni na ringi zimebadilishwa mara tatu, silinda ikichongwa kila mara. Mwaka 1993 waya wa mita ulikatika, na kwa miezi saba akaandika safari zenyewe, 130, 130, 130, akajumlisha mwishoni.

Mjomba akadakia hapo hapo: kama pistoni si ile, tairi si zile, cheni si ile, tanki limechomelewa, hiyo bado ni pikipiki ya 1986? Swali zuri! Kisheria jibu lipo kwenye kadi: pikipiki inatambulika kwa namba ya chasisi na namba ya injini, na zote mbili ni zile zile. Lakini mimi nadhani jibu la kweli lipo kwenye madaftari. Vyuma vimebadilika, mwandiko haujabadilika.

Na jambo hili si la Handeni peke yake. Mwaka 1988 mwandishi wa habari wa Uingereza, Barry Coleman, alikwenda Somalia na mwendeshaji wa mbio za pikipiki Randy Mamola kuona misaada ya afya inavyotumika. Wakakuta pikipiki za wahudumu wa afya zimelala, nyingi zikiwa bado mpya, kwa kukosa spea ndogo na mtu wa kuzihudumia. Coleman na mkewe Andrea wakaanzisha shirika la Riders for Health, ambalo kazi yake haikuwa kugawa pikipiki bali kufundisha watu kuzikagua na kuzihudumia kabla hazijaharibika. Ni mwembe ule ule wa Handeni, ila uko Somalia.

Sasa tuje kwa vijana wenzangu, maana hapa ndipo roho inauma. Bodaboda ilianzia mpakani Busia, kati ya Kenya na Uganda, kwa baiskeli. Kwetu iliingia kwa pikipiki, na mwaka 2010 kanuni za SUMATRA zikaitambua kuwa usafiri halali wa abiria. Leo iko chini ya LATRA. Pale Manundu nilikaa kijiweni na dereva mmoja wa makamo yangu. Kwa siku anatembea kilomita 100 na zaidi: hospitali ya Magunga, mashambani, mara abiria wa Sindeni. Piga hesabu: kilomita 100 kwa siku 300 ni 30,000 kwa mwaka. Alichofanya babu kwa miaka 33, yeye atakifanya kwa miaka saba. Raia wa Argentina, Emilio Scotto, aliyeweka rekodi ya dunia kwa kusafiri kilomita 735,000 na Honda Gold Wing kati ya 1985 na 1995, alikuwa na wastani wa kilomita 200 hivi kwa siku. Vijana wetu wako nusu ya mwendo wa bingwa wa dunia, na hakuna anayewapiga picha!

Lakini pikipiki zao hazifiki huko. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Kaka, hii ni ya hesabu." Yaani ya tajiri. Jioni anapeleka hesabu, oili ni juu yake yeye, injini ni juu ya tajiri. Oili akiichelewesha wiki moja, hela ya mboga imepatikana, na ringi zikiisha si shida yake. Tajiri naye akisikia moshi wa bluu anasema mwaka umeshaisha, hela yake imerudi, aiuze. Hakuna mwizi hapo. Kila mmoja anapiga hesabu sahihi, na pikipiki inakufa katikati yao, kama zile za chini ya mwembe.

Mwenzake wa pembeni yuko kwenye mkataba: akimaliza malipo pikipiki inakuwa yake. Huyo alinionyesha chupa ya oili mpya aliyoiweka chini ya kiti. Tatizo ni kwamba siku anayokabidhiwa kadi, anakabidhiwa pia cheni iliyokwisha na injini iliyochoka, na mpya inazidi milioni 2. Kwa hiyo kuijua pikipiki yako mapema, tangu siku ya kwanza ya mkataba, ndiyo tofauti ya kumiliki chombo na kumiliki deni lingine. Nilimwambia anunue daftari. Akacheka, lakini akaniuliza babu anaandika nini na nini.

Mnataka kujua hukumu yangu? Nilipendekeza Honda isiuzwe. Mjomba hajakubali, anasema historia hailipi ada za watoto, na sina jibu la kumpa maana ada ni za kweli. Tumekubaliana tungoje hadi Desemba.

Kabla sijaondoka tulimwaga oili iliyokaa tangu 2019, tukatia mpya, tukabadilisha plagi. Nilipiga kiki mara kumi na moja. Babu alikuwa amekaa kwenye kigoda, haoni vizuri, kichwa amekiinamisha. Ilipowaka alisikiliza kama dakika moja hivi, akasema valvu moja imelegea. Fundi akapima. Ilikuwa imelegea kweli.

Akaniambia niandike. Nimeandika.

Ni hayo tu kwa leo, wadau. Alamsiki.