Jipi ya Vita na Mizigo ya Neno "Kutengeneza"

Mfasiri mmoja alituletea ofisini hati ya mauzo aliyokuwa ameitafsiri kutoka katika Kifaransa. Hati hiyo ilihusu gari dogo la kijeshi la zamani, na sentensi yake ya pili katika Kiswahili ilisomeka hivi: "Gari limetengenezwa Marekani mwaka 1943, limetengenezwa Ufaransa mwaka 1951, na limetengenezwa tena na mwenyewe hivi karibuni, ni la asili." Mnunuzi, ambaye hakuwa mjinga, aliuliza swali moja tu: gari hili ni la wapi, na ni la mwaka gani? Mfasiri hakuwa na jibu, wala sisi hatukuwa nalo siku hiyo. Kila neno katika sentensi ile lilikuwa Kiswahili safi, na hata hivyo karani wa forodha asingepata ndani yake kitu cha kujaza katika fomu yake.

Kosa si la mfasiri peke yake. Kitenzi kutengeneza tumekibebesha mizigo miwili kwa muda mrefu: kiwanda hutengeneza gari jipya, na fundi chini ya mwembe hutengeneza gari bovu. Katika mazungumzo hapana dhara, kwa kuwa msikilizaji anamwona fundi na anaiona spana yake. Katika hati hakuna mwembe wala spana. Kwa hiyo, kabla ya kupendekeza istilahi yoyote, tuliona yafaa tuifuate historia ya gari lenyewe pamoja na ya watu wanaolipenda, ambao kwao tofauti za namna hii ndizo kazi yao ya kila Jumamosi.

Mwezi Julai 1940 Jeshi la Marekani lilizialika kampuni 135 zitoe zabuni za gari dogo la upelelezi, lenye kuendeshwa kwa magurudumu yote manne. Masharti yalikaribia kuwa kichekesho: gari lisizidi uzito wa kilo 590, na la kwanza liwe tayari katika muda wa siku 49. Kampuni mbili tu ndizo zilizojitokeza, Willys-Overland ya mji wa Toledo na American Bantam ya mji wa Butler, Pennsylvania. Bantam ilikuwa kampuni ndogo yenye hali ngumu ya fedha. Ilimwita mhandisi Karl Probst, naye akaikamilisha michoro kwa siku chache, na tarehe 23 Septemba 1940 gari la kwanza likafikishwa katika kambi ya Holabird, Maryland. Sharti la uzito halikutimizwa na Bantam wala na mtu mwingine yeyote. Jipi iliyokwenda vitani ilikuwa na zaidi ya kilo 1,000.

Jeshi liliridhika na gari, lakini halikuridhika na uwezo wa Bantam wa kuunda magari mengi kwa haraka. Michoro ikaonyeshwa kwa Willys na Ford, nao wakaleta magari yao kabla ya mwaka kwisha. Mwaka 1941 Willys ilipewa zabuni kuu, hasa kwa ajili ya injini yake ya nguvu za farasi 60. Na maadamu kiwanda kimoja hakikutosha, Ford nayo ilipewa idhini ya kuunda gari lile lile kwa michoro ya Willys. La Willys liliitwa MB, la Ford likaitwa GPW. Vita vilipomalizika mwaka 1945 viwanda hivyo viwili vilikuwa vimetoa magari zaidi ya 600,000, na jeshi lilikuwa limetaka vipuri vya moja viweze kufungwa katika jingine. Sharti hilo la mwisho liliokoa maisha ya watu wengi vitani, nalo ndilo linalowaumiza vichwa wapenzi wa magari haya mpaka leo. Bantam, iliyotangulia wote, iliishia kuunda matela ya kuvutwa na jipi za wengine. Mwaka 1948 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani iliikataza Willys kujitangaza kuwa ndiyo iliyolibuni gari hilo, lakini kufikia wakati huo sifa ilikwisha kwenda na mwenye sauti kubwa.

Jina lenyewe lina nasaba yenye ubishi. Wengi husema limetokana na herufi G na P, yaani gari la kazi zote. Maelezo hayo yanapendeza, ila katika mpango wa Ford herufi G ilisimama badala ya serikali, P ilionyesha gari lenye inchi 80 kati ya ekseli na ekseli, na W ilikuwa ya Willys. Wengine humtaja mnyama wa ajabu aitwaye Jeep aliyeingia mwaka 1936 katika katuni za Popeye, mwenye kupita mahali popote. Tena askari wa Marekani walikuwa wakilitumia neno hilo kwa kuruti na kwa vitu vipya visivyojaribiwa, hata kabla gari halijakuwako. Sisi tunaelekea kuamini kuwa neno la askari lilitangulia, na herufi zikatafutiwa maana baadaye.

Katika Kiswahili tatizo ni la namna nyingine. Anayelitohoa neno hilo kwa kumalizia na sauti u hupata jipu, neno ambalo tayari lina maana yake, na maana hiyo haipendezi mlangoni mwa gereji. Katika makala hii tumeandika jipi. Landrova isichukuliwe kuwa ni tafsiri ya jipi, ingawa ni ndugu yake wa damu. Maurice Wilks wa kampuni ya Rover alikuwa na jipi ya masalio ya vita katika shamba lake kisiwani Anglesey. Akatafuta kitu cha kuchukua nafasi yake, na gari la majaribio la mwaka 1947 liliundwa juu ya fremu ya jipi. Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, ikiwa na zile zile inchi 80 kati ya ekseli zake, na bodi ya aluminiamu kwa sababu chuma kilikuwa kwa mgawo. Hilo ndilo lililotufikia kwa wingi, katika polisi, katika misitu na katika ofisi za wilaya. Na mapenzi yake hayajapoa, kama walivyoona waliokuwapo Arusha mwezi Oktoba 2024, magari hayo yalipokusanyika kwa tamasha. Jipi yenyewe wazee wetu waliiona mbali na nyumbani. Askari wa Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki, waliopita bonde la Kabaw nchini Burma mwaka 1944, walikuwa katika Jeshi la 14, ambalo lilitumia jipi kubebea risasi, chakula na majeruhi.

Baada ya vita, jipi nyingi zilibaki Ulaya. Jeshi la Ufaransa lilizikusanya na kuzipeleka katika karakana yake ya La Maltournée karibu na Paris. Huko jipi ilivuliwa mpaka ikabaki fremu. Injini zikaenda upande huu, bodi upande ule, ekseli upande mwingine, na kila fungu likashughulikiwa na mafundi wake. Jipi iliyotoka mlango wa pili ilikuwa nzima na imara, lakini fremu yake yaweza kuwa ya Ford, bodi ya Willys, na injini ya gari la tatu. Masalio yalipopungua, kampuni ya Hotchkiss ikaunda jipi mpya kabisa kwa idhini ya Willys. Aina yake iitwayo M201 ilitolewa kati ya mwaka 1955 na 1966, magari zaidi ya 27,000. Jeshi lilipoziuza, nyingi zilipakwa rangi ya Kimarekani na nyota nyeupe, zikaingia katika filamu za vita ambavyo hazikupata kuviona.

Hapo ndipo wapenzi wa magari haya wanapoingia. Uingereza chama chao kiliundwa mwaka 1968, Marekani mwaka 1976, na wanachama wao ni makanika, walimu, wakulima na wastaafu. Kinachowaunganisha si mwendo wa gari, kwani jipi ni gari la kelele na la kutikisa mifupa. Wanaunganishwa na swali lile lile la mnunuzi wetu: hili ni gari gani?

Mgeni huanza na uso wa gari. Chuma cha mbele kinachokinga rejeta kina nafasi tisa katika jipi ya vita. Zikiwa saba, hiyo ni jipi ya raia iliyofuata mwaka 1945. Zile MB za mwanzo kabisa, kama 25,000 hivi, hazikuwa na chuma cha kupigwa chapa bali vipande vya chuma vilivyochomelewa kimoja kimoja, nazo hutafutwa kama lulu. Kisha mtu hulala chini na kutazama boriti inayoziunganisha pande mbili za fremu mbele, chini ya rejeta. Ikiwa ya mviringo kama bomba, fremu ni ya Willys. Ikiwa ya pembe, mfano wa mfereji uliopinduliwa, ni ya Ford. Namba ya Ford imegongwa katika chuma cha fremu chenyewe, juu, upande wa kushoto. Ya Willys iko katika bamba dogo lililofungwa ndani ya fremu, nyuma ya bampa. Tunaomba msomaji aizingatie tofauti hiyo, kwani bamba hufunguliwa na kuhamishwa, na mabamba mapya yenye sura ya zamani huuzwa hadharani.

Ford ilikuwa na mazoea ya kuweka herufi F katika vipuri vyake, hata katika vichwa vya bolti. Hivyo wako watu wazima wenye akili timamu wanaokaa jioni nzima wakichambua ndoo ya bolti zenye kutu, wakitafuta F. Tuliposoma habari hizo kwanza tulicheka. Baadaye tulikumbuka kwamba sisi wenyewe tumewahi kukaa siku tatu juu ya kiambishi kimoja, tukaacha kucheka.

Wengine huchukua msasa laini na kuisugua boneti taratibu, tabaka baada ya tabaka. Chini ya kijani cha Kifaransa hutokea kijani-zaituni cha Marekani, na pengine ndani yake namba ya jeshi yenye kuanza na 20. Namba hiyo ikipatana na ya fremu katika kumbukumbu, gari limerudishiwa jina lake. Lakini msasa ukizidi kidogo, ushahidi huondoka pamoja na vumbi, na hapana wa kuurudisha. Ndiyo maana wako wanaoshikilia kuwa gari lisiguswe kabisa, na wako wanaotaka ling'ae kama siku lilipotoka kiwandani. Ugomvi huo haujaisha, na sisi tuko upande wa wasiogusa, angalau mpaka wamalize kupiga picha.

Sasa turudi katika hati. Waundaji wa majahazi wa pwani yetu walikwisha kutusaidia bila kujua. Chombo huundwa, na huundwa kwa kulaza mkuku kwanza. Mbao zake zikioza hubadilishwa, mataruma hubadilishwa, tanga hubadilishwa mara nyingi, na watu huendelea kukiita kwa jina lake. Wapenzi wa jipi nao huifanya fremu kuwa mkuku wa gari: umri wa gari ni umri wa fremu. Basi tunapendekeza kuunda kwa kazi ya kwanza ya kiwandani, na kuunda upya kwa kazi kama ile ya La Maltournée, ambapo gari moja hutoka katika mafungu ya magari mengi. Gari hilo liitwe mseto, pasipo dharau, kwa kuwa ni jeshi lenyewe lililolipika hivyo. Kukarabati kuwe kulifanya gari lifanye kazi, bila kujali vipuri vimetoka wapi. Kurejesha kuwe kulirudisha katika hali ya wakati fulani, na wakati huo lazima utajwe. Aliyesema "limerejeshwa" bila kutaja mwaka hajasema kitu. Wako waliotushauri kufufua. Tumelikataa, maana magari mengi kati ya haya hayakupata kufa.

Neno asili ndilo hatari kuliko yote. Tungependa litumike kwa kipuri kilichotoka kiwandani pamoja na gari hilo hilo tu. Kipuri cha kiwanda hicho na cha wakati huo, lakini kilichotolewa katika gari jingine, kiitwe halisi. Kilichofanywa juzi kwa kuiga ni nakala, hata kikiwa kizuri namna gani.

Mfasiri wetu aliirudia kazi yake baada ya kumwandikia muuzaji maswali manne, na sentensi ikawa hivi: "Gari limeundwa na Ford nchini Marekani mwaka 1943, limeundwa upya katika karakana ya jeshi la Ufaransa mwaka 1951, mwenyewe amelirejesha katika hali ya mwaka 1944. Fremu ni ya asili, injini ni halisi, bodi ni ya Willys, mabamba ni nakala." Mnunuzi aliisoma mara mbili, akaomba apunguziwe bei.

Limebaki jambo moja. Ile boriti ya mbele ya fremu, ya mviringo au ya pembe, ambayo juu yake uamuzi wote huanzia, bado hatujaipatia jina linaloturidhisha. Mwenzetu mmoja amependekeza mtambaapanya, kama ule wa paa la nyumba. Wasomaji walio karibu na mafundi wa Gerezani, au wa gereji nyingine yoyote, tunawaomba watuulizie wao huiitaje.