Udhihirishaji wa jeni katika ubashiri wa saratani ya umio

Udhihirishaji wa jeni ni kiasi ambacho jeni inatengeneza RNA au protini. Katika saratani ya umio hupimwa ili kukadiria mwenendo wa ugonjwa: kama utarudi baada ya upasuaji, na mgonjwa ataishi muda gani.

Saratani hii ina aina mbili kuu. Ya seli bapa ndiyo iliyotawala Afrika Mashariki, kuanzia Ethiopia hadi Malawi. Ya tezi, yaani adenokasinoma, huota zaidi karibu na tumbo, na imeenea nchi za Magharibi. Uchambuzi wa Atlasi ya Jenomu ya Saratani wa Marekani, uliotoka 2017, ulionyesha kuwa ni kama magonjwa mawili: ya seli bapa mara nyingi huwa na nakala za ziada za jeni za CCND1, SOX2 na TP63, ilhali ya tezi hushabihiana na saratani ya tumbo na huzidisha jeni ya ERBB2 mara nyingi kuliko ya seli bapa. Utafiti unaowachanganya wagonjwa wa aina zote mbili usomwe kwa tahadhari.

ERBB2 hutengeneza protini ya HER2. Kinyama kilichotolewa kwa endoskopia huhifadhiwa kwenye fomalini, hukatwa vipande vyembamba, kisha hupakwa kingamwili inayoinasa HER2 na kuacha rangi ya kahawia. Alama huanzia 0 hadi 3+. Ikiwa 2+, ambayo haitoi jibu wazi, nakala za jeni yenyewe huhesabiwa. Katika seli za tezi rangi hushika ubavuni na chini, juu pakabaki wazi kama herufi U, na anayetarajia izunguke seli nzima, kama kwenye saratani ya matiti, atatoa alama ya chini mno. Tena HER2 haisambai sawasawa ndani ya uvimbe, hivyo kinyama kimoja hakitoshi.

Kama HER2 nyingi ni dalili mbaya, tafiti zimepingana. Faida ya kuipima imeonekana kwingine, kwenye uchaguzi wa dawa: katika jaribio la ToGA (2010), lililohusu saratani ya tumbo na ya makutano yake na umio, kuongeza trastuzumabu, dawa inayolenga HER2, kwenye kemotherapi kulisogeza muda wa kati wa kuishi kutoka miezi 11.1 hadi 13.8.

Orodha za jeni nyingi za kubashiri zimechapishwa kwa wingi, ila nyingi zilitokana na sampuli chache na hufifia zikijaribiwa kwa wagonjwa wengine. Kina cha uvimbe, hali ya tezi za limfu na kusambaa kwa ugonjwa bado ndivyo vinavyotegemewa zaidi. Nako Afrika Mashariki wengi hufika hospitalini wakiwa hawawezi tena kumeza chakula kigumu, ugonjwa ukiwa umeshakomaa.